Nani Alimuua Bwana Ali?

Leo asubuhi, pale steji ya Mikinduri, kondakta wa matatu ya Meru alinipokea kwa swali mbele ya abiria wote: "Baite, umeshajua nani aliua?" Gari zima likaangua kicheko, hata mama mmoja mwenye kuku kwapani, ambaye nadhani hakujua ni kifo gani kinachozungumzwa.

Kifo chenyewe ni cha Bwana Ali, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, riwaya ya mwaka 1960 iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Nakala yangu niliinunua kuukuu mjini Meru, nikawa naisoma kwa sauti katika kibanda cha kufungia miraa. Vijana wanafunga vibunda kwa kamba za mgomba, mimi nasoma. Hadithi ikawanasa. Dau zikawekwa. Mmoja alitoa shilingi mia kwamba muuaji ni Bwana Msa mwenyewe, maana mtu anayejua mambo mengi kiasi hicho lazima ana lake.

Siku ya kufichua siri nikakohoa, nikakaza sauti, nikafunua ukurasa. Jalada.

Wakadai nimezichana kurasa makusudi. "Umehongwa wewe!" akafoka mshika dau. Nihongwe na muuaji wa mwaka 1960!

Nilikikagua kile kitabu kama daktari wa maiti. Ajabu ni kwamba kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Mtambo hupiga kurasa nyingi kwenye karatasi moja pana, tuseme 8 upande huu na 8 upande ule, nyingine zikiwa kichwa chini, ovyo ovyo ukizitazama. Ikunje karatasi hiyo mara tatu, ukate kingo: kurasa zimejipanga zenyewe, 1 hadi 16! Mikunjo ya namna hiyo ikishonwa kwa uzi mgongoni, kitabu kitawazika wenye nacho. Ila uzi ni gharama. Kwa hiyo mgongo wa mikunjo hukatwa, kila jani likabaki yatima, limeshikwa na gundi tu. Gundi huzeeka, ikakauka, ikapasuka, na majani ya mwanzo na ya mwisho ndiyo yanayovutwa na jalada kila mtu anapofungua. Hadithi ya mapenzi haiumii sana; harusi utaikisia. Lakini riwaya ya upelelezi huweka mali yake yote katika majani yale yale yanayong'oka kwanza.

Vingine nilivyosoma: Siku Njema ya Ken Walibora iliniliza, nikasingizia moshi. Utengano ya Said Ahmed Mohamed iko kwa jirani, na huko itazeekea. Nagona ya Kezilahabi ina kurasa zote, na bado nauliza kilichotokea.

Nikaenda duka la vitabu kutafuta nakala nzima ya Bwana Msa. "Mtoto yuko kidato gani?" akauliza muuzaji. Nikasema kitabu ni changu mwenyewe. Akanitazama kwa huruma, akanitolea mwongozo wa Nguu za Jadi, wenye maswali na majibu. Rafu zote ni za mtihani. Chozi la Heri, iliyokuwa imejaa pale hadi mlangoni, siku ilipotoka kwenye orodha ya kutahiniwa ilifutika kama mdaiwa. Yaani mtu mzima asiyefanya mtihani hana haki ya hadithi?

Na hizo chache zilizopo zina kodi. Mwaka 2024 serikali ilipotaka kutoza mkate VAT, nchi iliwaka hasira na pendekezo likaondolewa. Vitabu vilitiwa VAT ya asilimia 16 kwa sheria ya mwaka 2013, na sijaona kijana aliyepigwa gesi ya machozi kwa ajili ya riwaya.

Basi ukija kututembelea Mikinduri, mkate tunao. Tuletee riwaya, na kabla hujalipa, tazama ukurasa wa mwisho.