Kulamba Jalidi

Uingereza ina eneo lake huko Antaktika lisilo na mkazi wa kudumu hata mmoja, lakini stempu zake zipo tangu 1963. Wakazi wa Port Lockroy, iliko posta, ni pengwini, na pengwini si hodari wa kuandika barua. Posta yenyewe hufunguliwa kiangazi tu. Watalii hushuka melini, hununua kadi, hubandika baridi iliyochapwa kwa rangi, kisha kadi hupitia Falklands hadi Uingereza ndipo zitawanyike duniani. Kadi iliyotumwa nyumbani ikichelewa, mtumaji huipokea mwenyewe mlangoni kwake, akajisalimia.

Argentina na Chile nazo zinadai sehemu za ardhi hiyo hiyo. Mkataba wa Antaktika wa 1959 haukusema nani mwenye mali. Uliyagandisha madai yote. Wakubwa wakaenda kwenye barafu, wakaongeza barafu. Mizinga marufuku, gundi ruksa.

Marekani nao hawakukubali kupitwa kwa stempu za baridi. Mwaka 2006 walitoa stempu nne za senti 39, zenye picha za chembe za theluji zilizopigwa na mwanafizikia Kenneth Libbrecht. Alikuwa akifundisha California, kwenye jua! Kwa kawaida chembe ina umbo la pembe sita, kwa kuwa ndivyo molekuli za maji zinavyojipanga zikiganda. Ukiidaka kiganjani, inayeyuka kabla hujamwita mwenzio aione. Ile ya karatasi, ikihifadhiwa, hailambwi wala haigongwi mhuri. Mkusanyaji huishika kwa kikoleo, asije akaiunguza kwa vidole.