Heshima kwa Mavi ya Farasi

Farasi amesifiwa hadi sifa zimemchosha. Washairi wa Kiarabu wametunga juu ya shingo yake na mbio zake. Majemadari wamechongwa kwa shaba wakiwa wamemkalia. Hata methali zetu zimempa nafasi, ijapokuwa ni kwa kumwonya mwenye tamaa kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Lakini wote hao walisimama upande wa kichwa. Katika karne zote za kumsifu mnyama huyu, hakuna aliyekuwa na adabu ya kuzunguka nyuma na kukisalimu kinachotoka huko. Leo, nikiwaomba radhi wanaosoma wakiwa mezani, nazunguka mimi.

Mamlaka ya kulisema hili nimeyapata kwa sepetu. Tupo wachache tunaopenda kulala nje na farasi, na desturi yetu ni kuwateremsha hadi ufuo wa Ziwa Naivasha, tukapiga hema chini ya migunga yenye magome ya manjano, tukafunga kamba ndefu kutoka mti hadi mti na kuwafungia hapo. Wanaotuona kwenye picha huona machweo, mlima Longonot kwa mbali, na matandiko yaliyopangwa vizuri juu ya gogo. Picha haina harufu. Farasi wa kilo 500 hutoa takriban kilo 20 za mavi kwa siku, na jua kutua si sababu ya yeye kufunga kazi. Usiku hula, husinzia akiwa amesimama, hula tena, na kila baada ya saa mbili hivi huinua mkia. Hapo ndipo tochi ya mlinzi humulika hema langu.

"Mzee, amefanya tena."

"Amefanya nini, afande?"

"Si ile kitu."

Basi naamka, naokota, na katika kuokota nimepata muda mrefu wa kuitafakari ile kitu. Nimeona fadhila zake, na nianze na ile iliyo mama wa nyingine zote: uwazi.

Taasisi zinazopokea ni nyingi. Zinazoonyesha zilichokifanyia kilichopokelewa ni chache, na farasi ni mojawapo. Leo anapewa fungu la nyasi kavu za boma rhodes na kibaba cha shayiri. Baada ya siku mbili hivi, taarifa inatoka. Haina jalada la kung'aa wala picha ya mwenyekiti akitabasamu. Imegawanywa kwa mabonge yanayolingana, kila bonge ni sura inayojitegemea, na ukilivunja kwa kijiti unasoma kila kifungu: ujiti wa nyasi ni ujiti wa nyasi, ganda la shayiri ni ganda la shayiri. Hakuna fungu la "matumizi mengineyo". Ukishuku kwamba kuna kilicholiwa nje ya bajeti, chukua bonge moja, ulitie katika gilasi ya maji ambayo hutaihitaji tena, ulikoroge na usubiri. Mchanga wote alioulamba ufuoni utatuama chini, na utaupima kwa macho. Madaktari wa mifugo hufanya hivyo kweli. Huo ni ukaguzi usiohitaji kibali, barua ya utangulizi, wala kikao cha kamati mjini Mombasa.

Uaminifu huu una mizizi katika maumbile. Ng'ombe ni mjanja: akishameza, huirudisha hesabu mdomoni, huitafuna upya, huipitisha katika vyumba vinne vya tumbo, na kinachotoka mwishoni ni uji ambao mkaguzi hawezi kutofautisha ndani yake malisho halali na mahindi ya jirani. Farasi hana mapitio ya pili. Tumbo lake ni chumba kimoja, kazi kubwa ya kuvunja nyasi hufanyika mwisho kabisa katika utumbo mpana, na nyingi hupita bila kuguswa. Tena hawezi kutapika. Mlango wa juu umefungwa na Muumba mwenyewe. Kilichopokelewa lazima kitolewe mahali panapojulikana, mbele ya mashahidi, kikiwa bado na joto. Wala hangoji mwaka wa fedha ufungwe tarehe 30 Juni, kisha aombe kuongezewa muda.

Na siku taarifa isipotoka ndipo thamani yake hujulikana. Farasi akibadilishiwa maji, malisho na mahali kwa mpigo mmoja, matumbo huweza kufunga, na msokoto wa tumbo humuua mnyama mwenye afya ndani ya saa chache. Nimemwona saisi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, ameegemeza sikio ubavuni mwa farasi saa tisa ya usiku, akisikiliza kama mtu anayengoja matokeo ya uchaguzi. Yalipoanguka mabonge sita, alivua kofia. Nitajieni ofisi moja ambayo wananchi huikeshea namna hiyo wakiiomba itoe ripoti, na ikitoa, wakavua kofia.

Mshindani wake katika fadhila hii ni mmoja tu, naye ni jirani yetu wa usiku. Wazee husimulia kwamba kiboko alipoomba kukaa majini, Mungu alimkatalia, akihofia kwamba kwa kinywa kile atamaliza samaki. Kiboko akaapa kwamba atakula nyasi tu, akakubali na sharti: kila aendapo haja, atayatawanya mavi yake kwa mkia ili ionekane kwamba hamna mwiba wa samaki. Hadi leo huchapa mkia wake kwa bidii ile ile, na aliyesimama karibu hupata nakala. Huo ndio mkataba mkongwe zaidi wa kutumia ziwa ninaoufahamu, na sijui mwingine ambao mpangaji bado anatimiza sharti bila kukumbushwa.

Fadhila nyingine nazitaja mbiombio, maana umande umeanza kuanguka. Mavi ya farasi ni mbolea ya waridi. Ndiyo matandiko ambayo juu yake wakulima wa uyoga mweupe wamekuwa wakiulaza tangu zamani. Yakikauka huwaka. Dundu huyaviringisha na kuyazika kwa wanawe, na mwaka 2013 watafiti walichapisha ushahidi kwamba dundu hao, usiku usio na mwezi, hushika njia iliyonyooka kwa kufuata ule utepe mweupe wa nyota angani. Hebu fikiria: mdudu anayesukuma mavi ameinua macho mbinguni, na wengi waliopewa kazi safi zaidi hawajawahi kuangalia juu ya meza yao.

Sasa tazameni jinsi mheshimiwa huyu anavyopokewa.

Kuna kambi moja ya ufuoni ambayo imebandika langoni karatasi ya masharti. Mtu analipa ada yake, hiyo ni haki. Farasi analipa ada yake ya kuingia. Kisha farasi huyo huyo analipa ada ya mazingira. Kisha inawekwa amana ya usafi, ambayo hurudishwa asubuhi baada ya meneja kuzunguka uwanja akiwa na ubao wa kuandikia, akiinama kila penye nyasi zilizolala. Kinyesi kiokotwe ndani ya dakika kumi. Kiwekwe guniani. Gunia lifungwe. Gunia liondoke na mwenyewe. Nilipouliza sababu ya ukali huu, meneja aliweka mkono kifuani na kusema, "Tunalilinda ziwa."

Nilimheshimu kwa maneno hayo, na sisemi kwa kejeli. Mavi ya farasi hayafai kuachwa yaingie majini. Nayo ni rutuba, na rutuba iliyozidi ndiyo inayolinenepesha gugumaji, lile lililotua Naivasha mwaka 1988 na hadi leo huja kwa mikeka mizima inayofunga njia ya mitumbwi. Kwa hiyo niliokota. Niliokota gizani, niliokota kwa magoti, niliokota huku mbu wakinisaidia kukaa macho, nikarudi hemani nikinuka uzalendo.

Alfajiri niliteremka na ndoo kutafuta maji ya farasi. Nyuma ya jiko la kambi nikakuta bomba. Lilitoka chini ya ukuta wa vyoo na mabafu, likapita chini ya ua la mapambo lililopandwa makusudi hapo, likaishia katika mafunjo. Maji yake yalikuwa ya kijivu, yenye povu, punje za wali na vitu vingine nisivyohitaji kuvitaja. Hakukuwa na mlinzi wala tochi. Hakukuwa na amana. Nilimwita meneja, akaja, akatazama, wala hakubisha. Alisema tu, "Hiyo haionekani na wageni, mzee."

Hapo niseme bila mzaha: nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Mtu amenitoza ada ya mazingira kwa ajili ya nyasi zilizopita tumboni mwa mnyama, na usiku huo huo choo chake kinamiminika ndani ya maji ambamo wavuvi wanasimama wakivuta nyavu, na ambayo watoto wa ng'ambo wanayateka kwa madumu. Wala hakuona aibu. Kwake yeye uchafu ni kile ambacho mgeni anaweza kukikanyaga.

Tena si yeye aliyeuanzisha mwendo huu. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Herakle alipewa kazi ya kusafisha mazizi ya mfalme Augeias, yaliyojaa samadi ya ng'ombe ya miaka mingi. Shujaa hakushika sepetu. Aligeuza mito miwili ikapita zizini, na jioni zizi likang'aa. Amesifiwa kwa akili hiyo tangu enzi zile, na sijasikia msimulizi hata mmoja akiuliza habari za watu waliokuwa wakiishi mto uendako. Mji wa New York, mwishoni mwa karne ya 19, ulikuwa na farasi zaidi ya laki moja na mavi yao yalirundikana barabarani; motokaa ilipokuja ilipokewa kama mkombozi wa usafi, kwa kuwa kinachotoka nyuma yake hakiokotwi. Binadamu ni yule yule. Mpe uchafu unaoonekana na usioonekana achague, na bila kusita atachagua ule ambao hatalazimika kuuinamia.

Naivasha ni mahali pabaya pa kuchezea mchezo huo. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji hupenya polepole ardhini, na mengi ya yale yaliyoletwa hubaki. Ukanda wa mafunjo uliokuwa ukichuja maji kabla hayajafika ziwani umepungua sana, umelimwa, umelishwa, umekatwa ili wageni waione mandhari. Mapema mwaka 2010 samaki walielea wamekufa kwa wingi; wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni, na lawama zikazunguka ziwa zima bila kupata mlango wa kuingia. Mwaka 2020 ziwa lilifura, likaingia katika mtaa wa Kihoto, na watu wakahama huku vyoo vyao vya mashimo vikimezwa na maji. Na kote kando yake kuna mabango. Ziwa hili liko katika orodha ya ardhioevu za kimataifa ya Ramsar tangu 1995, na sidhani kuna maji mengine yenye warsha nyingi kiasi hicho kwa kila kilomita ya ufuo. Katika warsha hizo mkulima wa juu milimani hulaumiwa kwa mbolea yake, mashamba ya maua hulaumiwa kwa yao, mji kwa maji taka yake, hoteli kwa mabomba yake, na kila mmoja huondoka na kalamu, daftari na usafi wa moyo.

Farasi hakualikwa. Angealikwa, angekuwa mjumbe pekee aliyefika na taarifa kamili, na angeiwasilisha ukumbini, kikao kikiendelea.

Kwa hiyo ninalo pendekezo, nalo halihitaji mfadhili. Kila mwenye bomba linaloishia Ziwa Naivasha, awe hoteli, kambi, shamba, mtaa au mji, alitoe bomba hilo mafichoni na kulielekeza mbele ya lango lake mwenyewe, mchana kweupe, chini ya bango lenye jina lake na nembo yake. Kitakachotoka kiokotwe ndani ya dakika kumi kama sheria ya kambi inavyotaka. Meneja azunguke na ubao wake, ainame, aandike. Amana iwekwe, na irudishwe tu kwa atakayeweza kuvunja taarifa yake kwa kijiti na kueleza kila kilichomo. Ulinzi nashauri apewe afande yule yule na tochi ile ile, kwa maana sijaona mtu mwenye jicho kali kumshinda. Kasoro ni kwamba hajawahi kutumwa upande wa jikoni.

Sepetu nitatoa mimi. Magunia mje nayo.