Jiwekezee, Kisha Upange Foleni

Washauri wa ajira wana jibu moja kwa kila asiye na kazi: kijana, wekeza ndani yako. Soma kozi fupi, kusanya vyeti, noa Kiingereza, piga picha ukiwa na tai. Shauri jema, ila hesabu yake ina walakini. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania ilikuwa na nafasi 70. Waliofika kwenye usaili walizidi 10,000, ikabidi waketishwe majukwaani Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, utadhani Simba na Yanga. Tuseme kila mmoja wao angejiwekezea maradufu. Zaidi ya 9,900 wangekosa vilevile, tofauti ni kwamba wangekosa wakiwa na stashahada ya pili.

Mtetezi atasema kazi haitolewi kwa bahati nasibu, aliyejinoa hutangulia. Kweli, tena anayejua kuchomelea vyuma au kufunga hesabu za duka huenda asihitaji foleni kabisa. Lakini huo ni ujuzi, nao hudai miaka na mtaji. Kinachouzwa sana mjini ni semina ya Jumamosi, chai na cheti humo humo. Kujinoa humsogeza mtu mbele ya mwenzake, hakuongezi nafasi hata moja. Wenye dhamana ya kuziongeza wanaupenda mno ushauri huu, maana aliyekosa hujilaumu mwenyewe, nao wakalala usingizi mnono. Ajira ya uhakika iliyozaliwa hapa ni ya mwendesha semina, na hiyo haijawahi kutangaziwa usaili.