Kiinua Mgongo

Mume wangu aliipokea habari ya farasi kama anavyopokea habari zote: alishusha gazeti nusu, akasema "Aha," akalipandisha. Nadhani alifikiri namtania. Nilikuwa na miaka 62, mwaka wa pili tangu nistaafu ukunga, nyonga ya kushoto ikinitabiria mvua, na kiinua mgongo changu kimelala benki. Jumamosi yake lori liliposimama langoni kwetu Kiserian na kushusha mnyama wa kilo zipatazo 450, gazeti lilishuka lote.

"Mama Neema," akaniita taratibu, "watu hununua ng'ombe."

Jirani, kichwa chake kikiwa juu ya ua wa kayaba, aliuliza anatoa lita ngapi kwa siku.

Mgongo wangu uliinama juu ya vitanda vya uzazi miaka thelathini na minne. Asubuhi nikitoka zamu ya usiku, basi lilipita kando ya uwanja wa mbio wa Ngong, ule uliofunguliwa 1954, nami dirishani na macho mekundu nikiwatazama farasi wakinyooshwa viungo kwenye ukungu. Basi nikaona mgongo uinuliwe hasa, mpaka juu ya mgongo wa mwingine.

Huyu naye ni mstaafu. Farasi wa mbio huanza kukimbizwa wakiwa na miaka miwili tu, kwa hiyo akifika tisa amekuwa mzee kazini, ingawa umri wa kuishi bado anao: wengi hufika ishirini na mitano. Nilimpata kwa bei iliyo chini ya ng'ombe wa maziwa. Kwenye vyeti ana jina refu la kifalme. Mume wangu akambatiza Pensheni, kwa kuwa humo ndimo ilimokwenda.

Na kweli. Anakula kilo kumi za majani makavu kwa siku, robota la Boma Rhodes halimalizi siku mbili. Fundi wa kwato huja kila wiki ya sita. Kuna chanjo ya kila mwaka dhidi ya tauni ya farasi, inayoenezwa na visubi wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri. Ndiyo maana Pensheni lazima awe ndani kabla ya magharibi. Banda lake tulilimega kutoka ghala la mahindi, mlango mmoja katikati. Kosa letu lilianzia hapo.

Kumpanda, nampanda mara mbili kwa wiki, kutoka juu ya msingi wa tangi la maji, saisi kashika hatamu, mume wangu kafumba macho. Tunafika kona ya mto, tunarudi. Lakini utamu wenyewe ni saa kumi na mbili asubuhi, ninapompiga brashi, mdomo wake wa chini ukining'inia kama wa mzee aliyesinzia kwa kinyozi, kisha ananipulizia shingoni pumzi ya moto yenye harufu ya majani.

Alhamisi moja usiku mume wangu, ambaye mbele yangu hujidai hana habari na mnyama huyo, alinyatia kumpelekea karoti. Akapitia ghalani, akarudi, akasahau kufuli. Lilibaki komeo tu, na midomo ya farasi ina vidole. Saa nne nikasikia kwato zikigonga ukuta. Nilimkuta kaloa jasho, anajitazama ubavuni, anajipiga teke tumboni. Gunia limefumuka. Nilikadiria gorogoro tatu za mahindi makavu zimekwenda.

Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia ya kurudi.

Nilimpima mshipa chini ya taya kwa saa yangu ya kazini, ile ya kubandika kifuani kichwa chini: 64, wakati alitakiwa awe arobaini au pungufu. Kisha nikaleta fetoskopu, tarumbeta ndogo ya kusikilizia mtoto tumboni, nikaibana ubavuni mwake. Tumbo la farasi mzima hunguruma kama mabomba yaliyofunguliwa maji. Kimya. Kimya hicho nakijua, niliwahi kukisikia wodini.

"Msimpe kitu, mtembezeni, msimwache agaegae," daktari wa mifugo alisema kwenye simu. Tukazunguka kiwanja, mimi na kamba, mume wangu nyuma kavaa kikoi na gambuti, tochi mkononi. Mzunguko wa tatu aliungama karoti. Wa saba, kufuli.

Daktari alifika saa saba. Alimdunga sindano ya maumivu, akapitisha mpira puani hadi tumboni, akaagiza ndoo ya maji ichanganywe na parafini. Mume wangu akajitupa mbele: ng'o, mnyama huyu hamtamtia mafuta ya taa kama jiko! Ilibidi tumwonyeshe chupa, asome mwenyewe kwamba ni dawa.

Tukaendelea kuzunguka. Karibu saa kumi na moja alfajiri Pensheni alisimama, akainua mkia, akashuta kwa muda mrefu wa kutia moyo, kisha yakaanguka madonge matano, yanafuka moshi. Niliinamisha fetoskopu: ngurumo, tena ngurumo.

"Sista," mume wangu akasema, "amejifungua."

Jirani alipochungulia juu ya kayaba kuuliza kulikuwa na nini usiku kucha, mume wangu, kikoi kimelowa umande hadi magotini, hakumjibu. Alimmulikia lile rundo kwa tochi, na kulikwisha kucha.