Waya wa Nguo Katika Ploti ya Pioneer

Waya wa kuanikia nguo ndio matanga ya Pioneer, mtaa wa Eldoret ulio karibu kilomita 800 kutoka Mombasa na zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mlingoti ni bomba la chuma uani, foromali haipo, na kila Jumamosi hutwekwa shuka, sare za shule na blanketi lililofuliwa kwa imani tu, mwezi wa Aprili.

Uzee wa waya hutangazwa na shati jeupe. Chuma cha waya hupakwa zinki, nayo zinki huliwa na maji na hewa kabla ya chuma kuguswa. Ikiisha, kutu huchora mstari mgongoni mwa shati, na mwenyewe huipata habari yake kanisani, kutoka kwa aliyeketi nyuma.

Keateka huarifiwa. Mwezi hupita. Wapangaji huchanga na kununua kamba ya manila, jina lenye heshima kubwa kuliko kamba yenyewe: manila ya asili ilisokotwa kwa nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino, ikatweka matanga ya merikebu. Hii ya dukani ni plastiki, na adui wake ni jua, lilelile linalongojwa likaushe nguo.

Ikikatika, hununuliwa waya mpya, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Kila mwanamume wa ploti apitaye huubonyeza waya, hutikisa kichwa, kisha huongeza mzunguko mmoja wa plaisi, hadi waya ulie kama uzi wa gita. Hesabu haimuungi mkono. Blanketi bichi la kilo 10, likining'inia katikati ya waya wa mita 10 na kuushusha sentimita 50, huvuta kila bomba kwa uzito wa kama kilo 50. Waya huo ukikazwa hata ushuke sentimita 10 tu, mvuto hufika kilo 250. Bomba lililosimikwa kwa ndoo moja ya saruji halibishani na kilo 250: huinama taratibu, kwa adabu, na blanketi hulala topeni.

Waya ulegezwe, kisha uinuliwe katikati kwa mti wenye panda baada ya nguo kuanikwa. Mti huo hukaa hadi shule zifungwe, watoto watakapohitaji goli.