Muuaji ni Nani, na Nyumba ya Nyakato Imetoka Wapi?

Riwaya ya upelelezi inataka usome ukiwa peke yako, na Mwanza hakuna anayekuacha peke yako. Ukifungua kitabu kwenye daladala ya Igoma, aliyekaa kando yako anasoma na wewe, tena kwa mwendo wake. Kwenye kivuko cha Nansio balaa linazidi, maana safari ni ya saa tatu hivi na katikati ya ziwa hakuna wa kumwambia "shusha".

Siku moja nilipanda kivuko hicho na nakala chakavu niliyoinunua kwa muuza vitabu wa barabarani mjini. Jirani yangu alikuwa mzee aliyekalia gunia lake mwenyewe. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, kisha shingo ikarefuka. Kila nikitaka kufunua ukurasa ananishika mkono. "Ngoja kwanza, mwanangu, sijafika chini." Tukaenda hivyo mpaka majabali ya Mwanza yakafifia nyuma yetu. Marehemu hata hajazikwa, mama mmoja aliyekuwa mbele yetu anamenya chungwa akageuka, akalitazama jalada. "Aa, hicho! Tulikisoma tukiwa sekondari. Aliyeua ni mwanasheria."

Mimi nilinyamaza. Mzee ndiye aliyewaka. "Mama, ungetuacha basi tufike Nansio! Mimi nilikuwa namshuku daktari."

"Daktari naye yumo," akasema mama, akitema kokwa. "Ila yeye alificha kisu tu."

Pamoja na yote hayo, kitabu cha namna hiyo sikiachi. Nimelelewa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilitoka mwaka 1960, na mwandishi wake alikuwa mtu wa jarida la *Mkulima*; sijui nani mwingine angeweza kutoka kwenye habari za mashamba akaingia kwenye maiti kwa ustadi ule. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa *Simu ya Kifo*. Baadaye akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vijana ambao ukiwasoma usiku unajikuta unakagua kitasa cha mlango wa chumba cha kupanga Mabatini, chumba ambacho hakina cha kuibwa isipokuwa jiko la mkaa. Ninachokipenda kwao ni haki moja tu: humo ndani kila mtu anaulizwa alikuwa wapi usiku ule. Awe tajiri, awe shehe, awe mpishi, ataulizwa.

Sasa chukua kitabu cha mtu anayesimulia maisha yake. Hapo mtuhumiwa ndiye askari, ndiye shahidi, ndiye hakimu, na picha ya jalada amejichagulia mwenyewe. Ndiyo maana mimi hivi navisoma kwa jicho la Bwana Msa: natafuta miaka iliyorukwa. Ali Hassan Mwinyi alipotoa *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu* mwaka 2021, msomaji wa huku kwetu alikifungua akiwa na mwaka wake kichwani, 1977. Ndio mwaka aliojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani, baada ya watu waliokamatwa katika msako wa mauaji ya Mwanza na Shinyanga kuteswa na wengine kufia mikononi mwa dola. Yeye hakuwa amemgusa mtu. Aliachia ngazi hata hivyo, na miaka minane baadaye akawa rais. Mtunzi wa riwaya angepeleka mambo hivyo, mhariri wake angemwambia haiaminiki.

Lakini kitabu kilichonitesa kuliko vyote hakijachapwa. Kimeandikwa na mjomba, mume wa shangazi yangu, kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, na jina lake ni *Safari Yangu ya Uadilifu*. Alinipa "niweke mikato na nukta".

Mjomba alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi huko Usukuma, enzi pamba ikiitwa dhahabu nyeupe. Kuhusu shule ameandika kurasa na kurasa. Viboko vyote vimo, na kila mwalimu ana jina. Baiskeli yake ya kwanza ina sura nzima. Tunafika kwenye mizani, wakulima wako foleni na magunia yao, karani anasogeza jiwe la mizani, na kalamu inaanza kuwa na haraka. Ghafla ni mwaka 1976, serikali imevunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na mjomba anaomboleza kweli kweli: ofisi zilifungwa, vitabu vya hesabu vikapotea. Aya inayofuata inaanza hivi: "Baadaye Mungu akatujalia nyumba Nyakato."

Hapo Bwana Msa angewasha kiko.

Nikamuuliza kwa adabu zote. "Mjomba, hapa katikati wasomaji watataka kujua kidogo." Akanitazama kwa huruma. "Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kitabu chake mwaka 1945, kikachapwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 mzee wa watu alisubiri. Wewe unashindwa kusubiri toleo la pili?"

Nikaweka mikato na nukta, nikarudisha daftari. Liliponifikia tena, kwa masahihisho ya mwisho, pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, yamenyooka, ya mtu aliyefundishwa mwandiko na masista. Kwenye sura ya baiskeli: "Alikuwa hajui kuendesha. Alikuwa anaisukuma." Kwenye mafuriko ambayo mjomba aliokoa kijiji: "Alikuwa kwetu, anakula." Kwenye nyumba ya Nyakato, neno Mungu lilikuwa limezungushiwa duara, na kando yake: "Bati ni kaka yangu." Kaka yake huyo ni baba yangu, naye mpaka anaingia kaburini hakuwahi kututajia bati lolote. Chini ya hapo, kwa herufi ndogo zaidi: "Matofali ni mizani."

Nilipendekeza kitabu kichapwe hivyo hivyo, wino na penseli pamoja. Mjomba akasema afadhali anunue kifutio. Shangazi hakusema kitu mbele yake. Jioni simu yangu ikalia ujumbe wa pesa kutoka kwake, na baada ya dakika chache akapiga, anaongea kwa sauti ya chini: nimnunulie kaunta buku, kwaya nne, jalada gumu, na kalamu ya wino usiofutika.