Land Rover Juu ya Mawe

Kukarabati gari la zamani nyumbani ni kazi ya kulirudisha barabarani gari ambalo kila mwenye hesabu zake angeliuza kwa kilo. Hufanywa mwishoni mwa wiki, chini ya mwembe au kwenye banda la makuti, na mtu mwenye shughuli nyingine ya kumpatia riziki, kwa kuwa kazi hii haimlipi bali humla. Katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, tangu Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, mkweche unaohusika aghalabu ni Land Rover, na katika ukoo huo inayoheshimiwa kuliko zote ni 109.

Land Rover ya kwanza ilitoka Solihull, Uingereza, mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa bado cha mgawo baada ya vita. Ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, na chuma kikaachiwa chesisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama sentimita 277 hivi, nafasi ambayo bwana shauri, padri na daktari wa wilaya wote waliiona inatosha kubebea chochote. Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, dalili kwamba ugonjwa huu hauko pwani peke yake. Wapo pia watu wa Peugeot. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda mbio za East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404, na mwenye 404 iliyosimama uani hakosi kulitaja jambo hilo kabla ya kukiri kwamba yake haiwaki.

Gari hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni urithi: mzee amefariki, ndugu wamegawana shamba na minazi, na gari limebaki kwa yule ambaye hakuhudhuria kikao. Ya pili ni kununua. Muuzaji wa gari la zamani ana msemo mmoja, "Injini nzima, ni betri tu," na betri ikiletwa huonekana kwamba injini ni nzima kweli, isipokuwa haimo yote. Kadi ya gari nayo ina mambo yake. Mara nyingi imeandikwa jina la marehemu, au la mradi uliofungwa zamani, na kuihamisha huhitaji saini ya mtu ambaye hakuna anayejua alihamia wapi. Hadi mwaka 2017 hali ilikuwa mbaya zaidi. Ada ya leseni ya gari ililipwa kila mwaka, na gari lililolala juu ya mawe liliendelea kudaiwa sawasawa na linalokwenda Kigoma na kurudi. Bajeti ya mwaka huo iliifuta ada hiyo na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na wenye mikweche walishangilia kimyakimya, kwa sababu kilicho juu ya mawe hakinywi mafuta.

Safari ya kulileta nyumbani hufanywa kwa kamba nyuma ya lori. Kanuni isiyoandikwa kitabuni ni kwamba gari linalovutwa halina breki, na kwamba anayekaa kwenye usukani wake ni shemeji. Kwenye mteremko kamba hulegea, mkweche hupata mwendo, na shemeji hugundua kwa mara ya kwanza kwamba yeye ndiye atakayelifikia lori. Bampa la chuma la Land Rover halipati hata mkwaruzo. La lori je? Hapo ndipo urafiki hupimwa.

Likishafika, adui wa kwanza ni kutu. Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Chumvi haili chuma yenyewe, kazi yake ni ukuwadi: huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na shughuli ambayo Dodoma ingechukua miaka huku hukamilika kwa misimu michache. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki, na kwa mji unaotazama maawio kama Bagamoyo pepo zote mbili hutokea baharini. Hakuna mwezi wa kupumzika. Hewa hiyo hiyo inayowafaa wenye mashamba ya chumvi ndiyo inayoingia chini ya turubai usiku na kufanya kazi bila malipo.

Aluminiamu iliyosifiwa hapo juu haina kinga kamili. Ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, viwili hivyo hugeuka betri ndogo, na kinacholika ni aluminiamu: hutoka unga mweupe kuzunguka kila ribiti, kisha tundu. Hatari zaidi ni chesisi, ambayo ni bomba la pembe nne lililo wazi ndani. Humo huingia mchanga, tope na, kwa gari lililowahi kubeba samaki kutoka ufukweni, maji ya barafu na damu ya vibua, ambayo hukaa yakila taratibu kutoka ndani. Kwa nje rangi inang'aa. Land Rover ya pwani inaweza kuonekana nzima mpaka siku jeki inapowekwa chini yake, ambapo jeki hupanda na gari hubaki pale pale.

Hapa mafundi wa bara na wa pwani hawakubaliani. Wa bara hulivua gari lote kwanza, kila kitu kikawa kitupu, ndipo waanze kujenga. Pwani utaratibu huo ni maafa. Chuma kilichopigwa msasa Jumamosi hadi kikawa kama kijiko cha mgeni kina rangi ya chungwa Jumatatu asubuhi, hasa kama Jumapili kulikuwa na harusi. Wanaofanikiwa huvua kile tu watakachoweza kukipaka rangi ya kuzuia kutu siku ile ile, tena kabla jua halijatua na umande kuanza kushuka. Kazi inakwenda polepole na mwenye nyumba anasemwa kwa uvivu, lakini ndiyo njia pekee inayofika mwisho.

Baada ya kutu huja nati. Katika Land Rover nyingi za zamani nati ni za vipimo vya Kiingereza, wakati sanduku la spana la nyumba ya kawaida ni la milimita. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, spana iliyopo ni ya 13, na tofauti hiyo ya sehemu tatu za kumi za milimita ndiyo chanzo cha vilio vingi. Spana inaingia vizuri. Inashika. Mtu anavuta, inateleza, na kona za nati zinalika hadi nati inakuwa duara. Hapo huletwa koleo, kisha patasi na nyundo, kisha jirani mwenye nguvu, kisha fundi wa gesi, ambaye huikata nati pamoja na bolti na kipande cha kile kilichokuwa kimeshikwa. Bei ya spana ya inchi ilikuwa ndogo kuliko nauli ya fundi huyo, na hilo hugunduliwa kila mara baada ya yeye kuondoka.

Vinavyofunguliwa lazima vihifadhiwe, na hapa ukarabati huhamia jikoni. Bolti zenye kutu hulowekwa kwenye mafuta ya taa, na chombo kinachofaa kuliko vyote ni sufuria ya wali. Nati huwekwa katika makopo ya Blue Band yaliyokuwa na hiliki na mdalasini. Kabureta hulazwa juu ya friji kwa kuwa ni mahali palipo salama dhidi ya kuku. Mama mwenye nyumba huvumilia mpaka siku pilau inapotoa harufu ya taa mbele ya wakwe, na tangu siku hiyo shughuli hufanyika nje, kwa amri. Hasara ya nje ni watoto. Boksi la usukani la Land Rover lina gololi ndogo za chuma, laini na nzito, ambazo mtoto yeyote wa Dunda au Magomeni, mjini Bagamoyo, anajua zinashinda za kioo. Kuzikusanya mtaani kunahitaji busara na peremende, na zikirudi pungufu, usukani nao hurudi na tabia ya kuamua wenyewe.

Umeme ni sura fupi lakini chungu. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa betri kinyume na magari ya leo: upande wa chanya ndio uliounganishwa na bodi. Anayeazima betri ya Toyota ya jirani na kuifunga kama alivyozoea huona moshi mahali ambapo alitarajia mlio wa stata. Vifaa vingi vya umeme vya magari hayo vilitoka kampuni ya Lucas, ambayo Waingereza wenyewe waliitania kwa kuiita Mfalme wa Giza, na waya zake za kale zilivishwa pamba, chakula kizuri kwa panya. Wenye uzoefu huzitoa zote na kufunga mpya.

Katika breki hakuna mzaha, ingawa mikasa ipo. Mpira wa breki za zamani hauvumilii oili ya injini. Mtu mwema akijaza oili kwenye kikopo cha breki kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, mipira huvimba, breki hushika, na gari hukataa kwenda mbele wala nyuma. Mafuta halisi ya breki nayo hula rangi, kwa hiyo hayafai kuwekwa juu ya boneti iliyopakwa jana. Huwekwa hapo kila mara.

Spea hufuatwa Dar es Salaam, yapata kilomita 70 kutoka Bagamoyo, hasa Gerezani. Mnunuzi hupanda daladala asubuhi akiwa na kifaa kibovu ndani ya mfuko kama kielelezo, na kufikia Tegeta grisi imekwisha kumpata abiria mwenye kanzu nyeupe. Dukani hukipata "kinachofanana nacho". Kufanana ni neno pana: tundu moja liko kushoto badala ya kulia, au uzi wa bolti ni wa milimita. Ndipo huingia fundi wa kukereza, ambaye kwa mashine yake na kipande cha chuma cha ekseli ya lori hutengeneza bushi inayokaa kuliko ile ya Solihull. Bila watu hawa hakuna Land Rover ya zamani ambayo ingekuwa inatembea nchi hii, na wanalipwa kidogo mno. Wengine huchoka na kufunga injini ya dizeli ya Kijapani. Wakereketwa huliona jambo hilo kuwa kufuru. Halina ubaya wowote kwa anayetaka kufika Saadani na kurudi, ilimradi asimwambie mnunuzi kwamba kila kitu ni cha kiwandani.

Uani nako kuna wapangaji. Kuku hutaga kwenye kiti cha dereva, na kumwondoa anayeatamia ni kosa ambalo hakuna ndani ya nyumba atakayelitetea, kwa hiyo kazi ya kebini husimama wiki tatu. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya bomba la mafuta lililoachwa wazi, na injini ikifungwa upya huwaka, hukohoa na kuzima, huku fundi akilaumu petroli. Kuna na mnazi. Kivuli cha mnazi ni kizuri na kila mtu huegesha chini yake, hadi dafu linapoamua. Aluminiamu hubonyea kwa wepesi, na boneti iliyonyooshwa mwezi mzima hupata shimo jipya usiku mmoja. Wapita njia ndio wapangaji wa mwisho. Kila mzee anayepita aliwahi kuendesha 109, ama jeshini, ama mradini, ama aliona ikiendeshwa, na wote wana ushauri unaopingana.

Siku ya kuwaka hufika, na haifiki kwa wakati uliotarajiwa. Betri huishiwa, watoto husukuma, na katikati ya kelele injini hushika, ikatoa moshi mweusi na kipande cha kiota. Majaribio ya kwanza huelekea Kaole, njia fupi yenye watu wa kusukuma. Rejeta huchemsha, mlango wa nyuma hufunguka wenyewe, na gari hurudi nyumbani likiwa zima kuliko lilivyotoka, maana vilivyolegea vimekwisha dondoka. Wiki inayofuata hupandishwa tena juu ya mawe, safari hii kwa ajili ya gia boksi.

Anayefikiria kununua moja katika mwambao huu asikubali kuonyeshwa boneti. Alale chini na nyundo ndogo, agonge chesisi kuanzia nyuma, ambako huoza kwanza, akisikiliza: chuma kizima hulia, kilichokufa hutoa kishindo kifupi kisha nyundo inazama. Ikizama mara mbili, alipie muuzaji chai na aondoke.